Kilichobaki Kisivuke Bahari

Raya,

Kumbe njia ya Paje unaijua. Mie nimekaa hapa Mkunazini mwaka wa pili nikisema labda mtoto kasahau njia, labda boti zimemshinda, kumbe juzi umeshuka uwanja wa ndege, umetiwa garini, umepelekwa Paje moja kwa moja. Umepigwa picha umesimama majini katikati ya kamba za mwani za watu, umelala hotelini usiku mmoja, umeondoka. Aliyeniambia ni mpwa wangu wa Bwejuu. Alikuona kwa macho yake, amesimama na gunia la mwani kichwani anangoja mmalize mapicha yenu ndo apite. Anasema alitaka kukuita akaona haya. Nikamwambia, ungemwita, tukajua kama bado anaitika "naam" au siku hizi anaitika kizungu.

Kutoka Paje mpaka kwangu si safari. Watu wanakuja sokoni wakarudi na jua bado liko juu. Huna udhuru, na usinitafutie.

Basi kesho unakwenda Ulaya. Mjomba wako Khamis atavuka na boti ya asubuhi aje akuage huko Dar, na barua hii atakutia mkononi. Anaiandika Mwanaidi, mkewe. Mie skuli sikupelekwa, unajua. Baba yangu alisema mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume. Nimemwambia Mwanaidi aandike nnavyosema, asinipambe wala asinipunguze. Amekaa jamvini na kalamu yake, ananitazama kama karani wa mahakama.

"Na hilo la kuwaandikia wanaume niliandike?" ananiuliza.

Liandike.

Uliniambia kwenye simu, "Bibi, kama kuandika ni taabu nitumie sauti." Hapana. Sauti yangu ulishaichukua mara moja na mpaka leo haijarudi nyumbani. Sitii tena sauti yangu kwenye simu, si yako wala ya mwengine. Ndiyo maana unasumbuka kusoma.

Mambo ya baridi na masweta na kula vizuri watakwambia wengine. Umri huo unajua kujifunika. Mie nataka tuseme lile ambalo kila ukinipigia unalizunguka kama kuku anavyozunguka maji ya moto. Mwanaidi anasema nisikueleze toka mwanzo kwa sababu unayajua yote. Ungekuwa unayajua, tusingefika hapa. Kwa hiyo naanza mwanzo.

Bi harusi wa mtaa wetu akikaribia kuolewa huwekwa ndani. Tunamsinga. Tunampaka ile dawa ya mti wa liwa, unaosagwa jiweni na wasichana waliokaa nje wakingoja kuitwa, na karafuu na mawaridi toka shingoni mpaka nyayoni, usiku tatu, na mkono ukipita mwilini kuna wimbo unaokwenda na mkono. Wimbo una sehemu tatu, kila usiku na sehemu yake. Humo ndani ndo anaambiwa mambo ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe machoni. Wanaume hawasikii. Watoto hawasikii. Na pahala fulani katika wimbo pana nafasi ya jina, na jina linalotiwa ni la yule aliyelala mkekani, hakuna mwengine. Kwa hiyo wimbo ni mmoja, lakini kila mwanamke wa mtaa huu ana wake. Mimi ninao wangu. Mama yako alikuwa na wake, nilimwimbia mimi, na alipokufa umekwenda naye.

Sasa ile siku. Ulikuja na machungwa, ukakaa chini uani baina ya magoti yangu nikakutia mafuta kichwani. Ukasema, "Bibi, nnahamia Dar. Nikiona ukiwa nifanye nini?" Nikasema usome dua. Ukasema, "Niimbie ule wa singo, usiku wa kwanza tu. Nitausikiliza peke yangu." Nikainuka. Hebu kumbuka nilifanya nini nilipoinuka. Nilikwenda kufunga mlango wa uani na komeo. Hivi mtu anayefunga mlango namna ile anakwambia nini? Halafu nikarudi nikakaa, nikaimba, wewe umeshika kisimu chako mkononi kama mtu anayeshika kifaranga. Na pahala pa jina nikatia Raya.

Nilijua nnalofanya. Nilijiambia huyu hana haraka ya mume, na mie sina miaka ya kungoja. Basi nimsinge kwa mdomo hata kama mkono haujafika. Ule ulikuwa wimbo wako wa harusi, Raya. Nilikupa kabla.

Siku niliyousikia umeshatoka, nilikuwa Darajani nimenunua changu wawili. Pale duka la simu wanapoweka spika nje nikasikia kizee kinaimba. Nikasimama. Unajua mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Mie nilisema, huyu bibi anaimba kama marehemu mama yangu. Mpaka lilipofika jina. Mara ngoma ikaangushwa juu yake, dum, dum, halafu ukaingia wewe. Samaki wananitonea maji miguuni, vijana wawili wananicheza mbele ya uso, na mmoja ananiambia, "Bibi, ngoma hii kali, umeipenda?"

Nikwambie kweli? Niliipenda. Unaimba vizuri. Ungekuwa umeimba ovyo ningelala usingizi mwema; ningesema mtoto kaharibu, ataacha. Uliingia pale pale panapotakiwa pumzi, kama nilivyokufunza. Hilo ndilo linalonila.

Tangu hapo Mwanaidi kila siku ananionesha kwenye simu. Watu wa Lagos wanaucheza. Watu wa Paris wanaucheza. Msichana wa Kichina kajipaka unga usoni anaucheza. Juzi kanionesha mzungu kamshika mbwa wake miguu ya mbele anamzungusha kwa sauti yangu, na jina lako linaitwa hapo, na mbwa anatoa ulimi. Mwanaidi alicheka mpaka akaona nnavyomtazama.

"Samahani, mama. Lakini mbwa anajua kwenda na mkono," anasema.

Liandike na hilo, ajue nnakaa na watu gani.

Huko mahoteli ya Paje wanaupiga mpaka alfajiri. Mpwa wangu anasema wageni wanaushikia chupa za bia na wote wanalijua lile jina, wanalipiga kelele pamoja. Umeona? Hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji, jina lako la mkekani wanalijua.

Sasa sikiliza kilichonipata mie, maana kwenye simu nakwambia "hatujambo" nawe unaamini.

Bi Mwanakheri unamfahamu. Tumekua pamoja, tumesinga pamoja mabi harusi ambao sasa nao ni mabibi. Yeye mkono, mie sauti. Baada ya Iddi mjukuu wake kaolewa. Nikangoja kuitwa. Mwenye kazi hii haombi. Huletewa kanga na tambuu asubuhi, akajua. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili ikaja bahasha. Mwanaidi akaifungua akanisomea: Bi Johari na familia wanakaribishwa ukumbini.

Ukumbini, Raya. Kwa kadi. Kama jamaa wa kazini wa bwana harusi.

Nilikwenda. Usidhani ningekaa nyumbani wakapata la kusema. Nilivaa vizuri, nikajifukiza udi, nikakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, nikaletewa biriani. Mwanakheri alipopita nikamshika buibui.

"Mtoto kasingwa?"

"Kasingwa."

"Kaimba nani?"

Akanitazama, akasema mbele ya wenzake wote, "Ya nini tukusumbue, dada? Wimbo si upo kwenye simu? Tukitaka unaimba, tukichoka tunauzima. Na hauombi chai."

Wakacheka. Na mie nikacheka. Mtu hawezi kulia mbele ya biriani ya watu. Halafu wakaupiga, spika zile kubwa, wasichana wakainuka wote na simu zao juu, na katikati yao bi harusi mwenyewe, mtoto niliyemshika siku aliyozaliwa, anaruka kwenye jina ambalo si lake. Nikala biriani yangu yote. Siijui ladha yake.

Tangu hapo hakuna bi harusi aliyeletwa kwangu.

Usikasirikie Mwanakheri. Najua utamkasirikia, umerithi kwangu. Baada ya wiki alikuja hapa mwenyewe, akakaa kizingitini, hataki kuingia. Akasema, "Johari, kilichotoka kimetoka. Tutaumia, tutapoa. Lakini zimebaki sehemu mbili. Zikitoka nazo, sisi tutafunga mlango tukae ndani tufanye nini, tutazamane? Siku hiyo usije tena kwetu. Si arusini, si hitimani." Akalia, nikalia, hakuingia.

Na mie ningesema nini? Mwenye makosa wa kwanza si wewe.

Ulikuwa mdogo, hujavunja ungo, nilipokuingiza chumba cha kusingia. Mama yako keshafariki, sina wa kukuachia, na wewe huku nje unalia. Wenzangu walisema, "Johari, mpeleke kwa jirani." Nikasema atalala. Nikakuweka mgongoni kwangu, nyuma ya mkeka. Hukulala. Usiku wa pili, wanawake wanaitikia, nikasikia nyuma yangu kitoto kinaitikia nao, sauti nyembamba imenyooka kama uzi wa sindano. Wanawake wote wakageuka kukutazama. Mwanakheri akasema, "Mtoe." Nilitakiwa nikutoe. Badala yake nikasema, "Mwache. Hebu msikilizeni." Nilikuwa na kiburi, Raya. Kazi yangu yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kuitika vile, na alikuwa wangu. Nikakupitisha mlango ambao wenzio waliungoja miaka, na wewe ukaona mlango ule hauna kitu, unapitwa tu. Anayengojeshwa mlangoni ndiye anayejua kuufunga. Wewe sikukungojesha.

Na jengine. Bi Hidaya hukumkuta. Tulikosana zamani, mie nikiwa mbichi, kwa jambo la maji ya bomba; hata halina maana. Hidaya hakujaaliwa mtoto. Nikamtungia beti moja ya kumcheka kwa hilo, moja tu, nikaiimba kwenye arusi ya watu, yeye kakaa mbele. Ilikuwa beti nzuri, Mungu anisamehe. Watu walinitunza mpaka kanga ikajaa. Mwaka haukwisha tukapatana, tukawa kula pamoja, kulala pamoja. Lakini beti haikupatana na mtu. Watoto wakaishika. Akipita Hidaya kichochoroni, wanaipiga mluzi. Niliwafukuza, niliwapiga, nilikwenda kwa mama zao. Nikatunga nyengine ya kumsifu, hakuna aliyeishika. Hidaya kazeeka na ile beti nyuma yake. Siku tunayomtoa maiti, mtoto mmoja amekaa juu ya ukuta anaipiga mluzi, hata hajui ni nini, kaisikia kwa kaka yake. Mie nimesimama dirishani na wenzangu. Hakuna aliyenitazama. Walijizuia, na nilijua wanajizuia.

Kwa hiyo usidhani sijui maana ya kuwa na wimbo unaopendwa. Nnajua. Wimbo ukishatoka, wewe mwenyewe ndiye mtu wa mwisho ambaye utamtii.

Sasa meneja wako. Kaja wiki iliyopita, kijana mrefu, na mzungu mmoja nyuma yake kabeba kinasa sauti kilichovikwa manyoya kama paka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na Raya. Anakusalimu sana."

"Mwenyewe hana miguu?"

Akacheka, kadhani natania. Akakiweka kile kipaka juu ya jamvi langu, karibu na goti. "Bibi, dunia nzima inataka kusikia kilichobaki."

"Dunia nzima inaolewa lini?"

"Hapana, bibi, ni burudani tu."

"Basi iburudike na vyake."

"Lakini bibi, huu ni urithi. Tukiuacha humo ndani utakufa."

"Wewe kwenu wapi?"

"Morogoro."

"Mama yako alipochezwa ngoma na wenzake, wewe ulikuwepo?"

Akakitazama kile kipaka chake.

"Ulikuwepo?"

"Hapana, bibi."

"Basi kunywa chai yako."

Akanywa. Akala mkate, akaosha kikombe mwenyewe bila ya kuambiwa. Si mtoto mbaya; ana mama. Lakini mlangoni akageuka akaniambia kile ambacho wewe huna ulimi wa kuniambia. Kasema Raya anazikumbuka sehemu zote mbili. Kasema wanataka sauti ya bibi kwa sababu ndiyo wanayoipenda huko, lakini bibi akikataa, Raya ataimba mwenyewe, na studio ya huko Ulaya ishakodiwa.

Basi ndo hapo tulipo. Nnajua unazo. Nilikuweka mgongoni kwangu, nani asiyejua? Huko unakokwenda sina mkono wa kukushika, na Mwanakheri hana, wala hakuna hakimu atakayekuuliza. Ukifumbua mdomo zimetoka. Komeo lililobaki ni hii barua, na hii barua ni karatasi.

Neno la yule kijana limenisumbua, sikufichi. Utakufa, kasema. Huenda. Wasichana wa sasa hawataki kukaa ndani. Wanataka saluni, na huko saluni singo inauzwa kwenye kopo. Sisi tunaoujua wote tunahesabika, na magoti hayatubebi. Nimelifikiri sana hilo nikichambua mchele, nikitawadha. Nikaona hivi: ukifa, utakufa mikononi mwa wenyewe, na watausomea. Huo wa kwanza ulioutoa haukufa, kweli. Lakini mbona mie nikiutaka siupati? Jana nilijaribu kuuimba peke yangu hapa ndani. Nikafika pale pa jina, ile ngoma yako ikaanza kunipiga kichwani, dum, dum. Siwezi tena kuuimba bila ya ngoma yako. Umeuondoa hata kwangu.

Mwanaidi kaacha kuandika. Nimemwambia aandike.

Sikuombi uache kuimba. Ukiacha nitakuja huko kukuchapa. Uimbe mpaka wazungu wasahau lugha zao. Tunga vyako, unacho kichwa, toka mdogo ulikuwa ukitunga hata juu ya papai. Na nikifa leo sina kinyongo na wewe, nshakusamehe siku nyingi, kabla hujajua kama umekosa. Kusamehe mie ni rahisi, wewe ni damu yangu. Lakini wimbo huu haukuwa wangu peke yangu hata nikugawie, na radhi ya wale wengine siwezi kuitoa kwa niaba yao. Mwanakheri ana mkono wake mle. Mama yako ana jina lake mle. Wapo waliokufa ambao huwezi kuwapigia simu ukawaomba.

Kwa hiyo zile mbili usizitoe. Wakikwambia mkataba, waambie bibi yangu hajui kusoma. Wakikwambia studio ishakodiwa, ingia uimbe juu ya papai. Na wakikuuliza kwa nini, usiwaeleze. Hilo hasa usilieleze; ukianza kueleza, kwenye kueleza utaimba.

Sikutishi kwa lolote. Ukizitoa, mie nitakuwa mwanamke anayealikwa kwa kadi mpaka siku yake ifike. Nitavaa, nitajifukiza, nitakwenda. Ukipiga simu nitakwambia hatujambo.

Usipozitoa, basi sikiliza. Utakaporudi, usije kwangu kwanza. Usilete zawadi, usilete mtu wa kukupiga picha, simu muachie Khamis bandarini. Nenda kwa Bi Mwanakheri kwa mlango wa nyuma, mwamkie, kaa chini. Atakunyamazia, mnyamazie na wewe. Kama kuna bi harusi ndani, utasikia wanaanza. Wewe usiingie na usiitikie, hata ikikuchoma koo. Kaa huko nje na wasichana ambao hawajaitwa. Watakupa jiwe na kipande cha liwa, wakusahau hapo. Saga. Mkono ukikufa ganzi badilisha wa pili, uendelee, mpaka Mwanakheri mwenyewe atoke akwambie ingia.

Bibi yako,
Johari